Theopista Kokushubila Hakuuza Umoja wa Mama

Theopista Kokushubila, 1914–1976. Maneno ni ya mumewe, Ta Apolinary Kagaruki. Anayesoma ni binti yao, Jovitha. Kagoma, Jumamosi tarehe 14 Agosti 1976.

Padre, wazee wetu, akina mama, ndugu na majirani.

Huyu tunayemzika leo alikuwa na jina safi kwa miaka arobaini na tisa. Mwaka 1963 likachafuka, na halikusafishwa. Hata juzi, majani ya matanga yalipokuwa yanatandikwa ndani ya nyumba, watu wawili walikaa nyuma ya jiko wakasema kwamba tumbo lililomuua ni adhabu ya kuwauza akina mama wenzake. Hawakujua kuna mtu upande wa pili wa ukuta. Alikuwa mumewe. Basi wasifu huu utasema alizaliwa wapi na aliishi vipi, kama ilivyo desturi, lakini utasema na hilo. Tunaomba mtu asiondoke kabla.

Theopista Kokushubila alizaliwa tarehe 22 Februari 1914, Ijuganyondo, karibu na mji wa Bukoba. Alikuwa mtoto wa tatu wa Ta Byarugaba na Ma Kokwijuka, wakulima wa migomba na kahawa. Mwaka uliofuata Waingereza waliupiga mji wa Bukoba, na mama yake alimfunga mgongoni akatembea naye hadi kwa wajomba. Ma Kokwijuka alipenda kusema kwamba njia nzima mtoto hakulia, alikuwa anaangalia tu nani anakuja nyuma. Wote wawili, baba na mama, wametangulia.

Alisoma kwa masista hadi darasa la tatu. Alijua kusoma, kuandika, kushona na kuimba misa kwa Kilatini. Angeendelea, lakini baba yake aliugua, na mikono ya nyumbani ilikuwa michache. Kitabu chake cha sala alichopewa na masista kipo hadi leo, kimeliwa na mchwa pembeni.

Tarehe 7 Januari 1933 alifunga ndoa na Apolinary Kagaruki wa Kagoma. Mumewe hakukaa darasani hata siku moja. Ndoa ikiwa na miaka miwili, barua ilikuja kutoka kwa kaka wa mumewe aliyekuwa Kampala. Theopista akaisoma: kaka anasalimu, ni mzima, anaomba radhi kwa kutokuja Krismasi. Mumewe akaitia mfukoni, akatembea hadi kwa katekista, akamwomba aisome tena. Ilikuwa vile vile, isipokuwa mstari mmoja uliosema mwambie huyo mkeo wa mjini asije akakufundisha kula kwa uma.

Aliporudi alimkuta mkewe anamenya ndizi.

"Katekista anasemaje?"

"Anasema umeruka mstari."

"Niliuruka kwa ajili ya kaka yako," akasema, "si kwa ajili yangu."

Mumewe alicheka. Lakini aliendelea kupeleka barua kwa katekista kwa miaka mitatu mingine. Ndivyo alivyoumbwa. Wanaomjua wanajua, na wasiomjua wajue sasa, maana inahusika.

Mungu aliwapa watoto saba. Wanne wako hai.

Kazi ya marehemu ilikuwa kibanja. Mumewe alishika kahawa, yeye alishika migomba, maharage na viazi. Alisuka mikeka ya ukindu ambayo ilifika hadi Mwanza. Na alizalisha. Hakusomea, alijifunza kwa mama mkwe wake, na mikono yake ilipokea watoto wengi wa Kagoma, baadhi yenu mkiwa mmesimama hapa. Alijua pia pale mikono yake ilipoishia. Hapo alikuwa anatoka nje na kusema neno moja: "Engozi." Wanaume wanaleta machela, mgonjwa analazwa, na safari ya miguu kwenda hospitali inaanza, mlima na bonde, saa nne au tano.

Tarehe 3 Aprili 1951 aliyelazwa kwenye engozi alikuwa mdogo wake, Celina, aliyeolewa jirani. Mvua ilikuwa inanyesha. Wabebaji walibadilishana mara tatu. Walipofika juu ya kilima cha pili Theopista aliwaambia waishushe. Wakamwambia, mama, bado mbali. Akasema, "Najua. Ishusheni." Celina na mtoto wake wamezikwa kibanja kile kule, mnakiona.

Baada ya hapo hakuzungumza sana juu ya Celina. Alizungumza juu ya zahanati. Kagoma ipate zahanati na mkunga aliyesomea. Mwaka 1954 walikaa wanawake saba, Wakatoliki wanne, Walutheri wawili, na Mwamvita, mke wa fundi baiskeli, ambaye ni Mwislamu. Wakajiita Umoja wa Mama wa Zahanati. Theopista akawa mwenyekiti kwa sababu ndiye aliyejua kuandika barua. Klaudia, Mlutheri, mjane, aliyekuwa rafiki yake, akawa msaidizi. Barua zilikwenda kwa mkuu wa wilaya Mwingereza, kwa watemi, kwa maaskofu, na baada ya Uhuru kwa mkuu wa wilaya Mwafrika. Siku hizo Muleba yote ilikuwa ndani ya wilaya ya Bukoba, na barua ilikwenda mbali. Majibu yalikuwa mazuri. Yote yalisema jambo linaangaliwa.

Kufika mwaka 1963 Umoja ulikuwa na wanawake zaidi ya mia mbili katika kata mbili, yetu hii na ile ya bondeni. Mwaka ule ulikuja uchaguzi wa madiwani. Wazee wanakumbuka jinsi hewa ilivyokuwa. TANU ilikuwa imeleta Uhuru na kila mtu alikuwa na kadi, mumewe akiwamo, tangu 1957. Lakini chama kiliteua wengine kikaacha wengine, na walioachwa wakasimama wenyewe, wagombea binafsi. Basi mtu akawa hamsalimii mtu mpaka amechungulia yuko wapi. Ukinunua chumvi kwenye duka fulani umeandikwa. Ukikaa benchi fulani kanisani umeandikwa. Wengi wa binafsi walikuwa Wakatoliki, ikasemwa ni njama ya dini. Wengine wakasema chama ni cha Walutheri. Uongo na ukweli vilikaa chungu kimoja.

Kata yetu aliyesimamishwa na TANU ni mtu ambaye hatutamtaja, ameshafariki. Binafsi alikuwa Ildefons, mwenye duka la vitambaa pale senta, Mkatoliki, mdomo mtamu. Kata ya bondeni mgombea wa TANU alikuwa Mwalimu Lameki, Mlutheri, na mpinzani wake alikuwa mgombea binafsi.

Umoja ulikaa kujadili: tuseme au tusiseme? Yaani chama cha akina mama kinachotaka zahanati kiwaambie wanachama wake mpeni kura fulani, au kinyamaze?

Mumewe alikuwa nje anatengeneza ua, akasikia yote.

Klaudia alisema, "Ma Theopista, tukitaja jina tumekuwa watu wake. Akianguka tumeanguka. Akishinda tutamwogopa."

"Na tusipotaja?" akajibu Theopista. "Miaka tisa hatujataja mtu. Wote wanatuahidi, na hakuna hata mmoja anayetuogopa."

"Basi tutaje wa chama," mama mmoja akasema. "Serikali ni yao. Tutaje wa TANU kote kuwili, tumalize."

"Halafu wa TANU akijua tutamtaja hata akilala, ataamka saa ngapi?" akauliza Theopista.

Mwamvita akasema, "Mwanamume akijua atapikiwa hata asipoleta kuni, kuni haziji. Mimi nimeolewa mara mbili, niulizeni."

Wakacheka hadi mbuzi wakashtuka. Kisha wakakubaliana. Wagombea wote wanne watakuja mbele ya akina mama, siku moja. Wataulizwa swali moja: ukikaa barazani, zahanati utaisemea lini? Atakayejibu vizuri ndiye atakayetajwa, awe wa chama, awe binafsi, awe anasali wapi. Na wakaweka amri moja. Hakuna mwanachama kwenda kwa mgombea, hakuna kula chake, na hakuna kutafuna kahawa yake. Sisi Wahaya tunajua kahawa. Mgeni anapewa punje atafune, ni heshima. Lakini mkono unaopokea kahawa huwa una deni la urafiki. Wakasema hata hiyo, hapana, mpaka uchaguzi upite.

Wagombea walikuja. Majani mabichi yalitandikwa sawa kwa wote wanne, maji yalitolewa sawa, kahawa hakuna. Wawili walijibu kwa hotuba. Mwalimu Lameki alisema, "Kikao cha kwanza. Na msiponisikia nikisema, njooni shuleni mnitoe darasani." Ildefons alisema, "Kikao cha kwanza, kabla ya barabara ya duka langu, ingawa naitaka." Akina mama wakapenda kwamba aliitaja barabara yake. Basi Umoja ukatangaza: bondeni Lameki wa TANU, Kagoma Ildefons wa binafsi.

Kelele zilizofuata mnazikumbuka. Wa TANU wakasema Umoja umenunuliwa na Wakatoliki. Wakatoliki wa bondeni wakasema umenunuliwa na Walutheri. Mwenyekiti wa tawi alikuja hapa nyumbani.

"Mama, mguu mmoja ndani ya chama, mguu mmoja nje. Unaonaje, hutapasuka?"

"Sisi hatukuja na miguu, Mwenyekiti," marehemu akasema. "Tumekuja na matumbo. Kaa, waitu, upumzike."

Hakukaa. Akamgeukia mumewe: "Na wewe, Ta Apolinary, una kadi. Nyumba yako inasema nini?"

Mumewe akasema nyumba haisemi kitu. Lakini usingizi ulimtoka.

Sasa tumefika.

Mumewe hakumwamini Ildefons. Aliona ule mdomo mtamu, akasema huyu akishinda atasahau, na mke wangu ataitwa mjinga mbele ya kata mbili. Hilo ni nusu. Nusu ya pili ni hii: alijiuliza kwa nini mkewe, kati ya watu wote, amemchagua huyu mwenye duka, anayevaa vizuri, aliyesoma. Hakuwa na sababu. Hajawahi kuona kitu. Alishuku tu, kama alivyoshuku barua ya Kampala. Na hili la pili hakupata katekista wa kumpelekea.

Jumapili tarehe 6 Oktoba 1963, baada ya misa, alichuma tunda moja la kahawa lililoiva katika kibanja chake, akaenda nyuma ya duka la Ildefons, akamwambia, "Tufanye omukago."

Vijana hawajui sana omukago, basi tuseme. Ni undugu wa damu. Tunda la kahawa lina punje mbili. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje inapakwa damu, wewe unameza yangu, mimi nameza yako. Kuanzia hapo ukinidhuru, tumbo lako linavimba unakufa. Mwanasiasa anakupa mkono asubuhi, jioni amempa mwingine. Omukago haurudishwi. Mumewe aliona amepata dawa: Ildefons hatadanganya juu ya zahanati, na hatagusa nyumba ya ndugu yake. Mambo mawili kwa punje moja.

Ildefons alikubali haraka. Alipomeza alitabasamu. Mumewe aliliona lile tabasamu, akalishuku, lakini punje ilikuwa imeshakwenda.

Hakumwambia mkewe. Padre wa wakati ule alikuwa amekataza omukago waziwazi, na mumewe alikuwa mzee wa kigango.

Haikupita wiki mbili. Ildefons akinywa lubisi, pombe ya ndizi, na watu wake alisema, "Kagoma msiogope. Nyumba ya mwenyekiti wa akina mama ni ndugu zangu wa damu." Maneno yalipanda kilima yakashuka bondeni.

Jumamosi tarehe 19 Oktoba Umoja ulikutana. Klaudia alisimama. Mwamvita ametuhadithia jinsi ilivyokuwa. Klaudia alisema, "Ma Theopista, tumekaa pamoja miaka tisa. Naomba nikuulize mbele yao. Kuna omukago kati ya nyumba yako na Ildefons?"

"Hakuna."

"Sema mbele ya Mungu."

"Mbele ya Mungu, na mbele ya Celina, hakuna."

Wakaamini. Klaudia alilia, akamwomba radhi.

Theopista alirudi nyumbani mchana, bado anacheka. Akamhadithia mumewe. "Sikia walivyosema watu! Eti tumekula damu na Ildefons." Mumewe alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa. Theopista akaacha kucheka. Kisha akasema, "Fungua shati."

"La nini?"

"Ule mwiba ulioniambia ulikuchoma tumboni. Fungua niuone."

Akafungua. Mwiba hauchani vile. Marehemu aliiangalia ile chale, akakaa chini.

"Kwa nini?"

"Sikumwamini."

"Yeye tu?"

Mumewe hakujibu. Miaka kumi na mitatu imepita, na alikuwa hajajibu bado. Leo anajibu: hapana, si yeye tu.

Theopista alisema, "Nimeapa kwa jina la Celina." Alisema hivyo mara mbili. Mumewe alipiga magoti. Alimwomba asimtaje. Akitajwa padre atamnyima komunyo, kigango kitamtoa, chama kitamnyang'anya kadi, na watu watajua alimshuku mkewe. Alisema yote hayo. Lile la mwisho lilimuuma zaidi ya mengine, na si kwa ajili ya mkewe, kwa ajili yake mwenyewe.

Mkewe akasema, "Basi nitaubeba mimi. Lakini usinishuku tena."

Jumamosi iliyofuata, tarehe 26, alisimama mbele ya akina mama mia mbili. "Wiki iliyopita nilisema hakuna omukago. Upo. Sitasema zaidi. Liondoeni jina la Ildefons, Kagoma tusimtaje mtu. Bondeni muacheni Lameki, hana kosa. Na mimi mniondoe."

Klaudia alimuuliza, "Uliapa, Theopista. Uliapa ukijua?"

Hakujibu. Mtu akapiga kelele, "Umetuuza!" Mwingine akasema, "Alipewa vitambaa vya duka." Klaudia alichukua daftari la barua kutoka mkononi mwake. Toka siku ile hawakuitana tena Ma. Walipokutana njiani walisalimiana kama watu wa kata mbalimbali.

Uchaguzi ulipita. Ildefons alishinda bila akina mama, na Lameki alishinda pamoja nao. Na wote wawili, tuseme haki, waliisemea zahanati kikao cha kwanza. Kama Ildefons alisema kwa kuogopa tumbo au kwa moyo, anajua Mungu. Wa binafsi hawakudumu, mambo ya nchi yaligeuka. Ulipofika uchaguzi wa 1965 chama kilikuwa kimoja, na wengine wakasema sasa hakuna haja ya Umoja kuuliza wala kutaja, wagombea wote ni wa TANU. Theopista alikuwa amekaa nyuma kabisa mkutanoni, na mkeka wake. Akasema bila kuinuka, "Chama kimoja, lakini watu ni wawili. Waulizeni." Watu waligeuka wakamtazama kama mwizi anayewaonyesha mlango. Lakini waliuliza.

Zahanati ilijengwa kwa kujitegemea, wakati wa ujamaa. Theopista alibeba mawe na maji kama wengine, hakukosa zamu. Ilifunguliwa Jumamosi tarehe 5 Juni 1971. Majina ya waanzilishi yalisomwa, sita. Mwamvita alinong'ona, "Tulikuwa saba." Theopista alimfinya anyamaze, akapiga makofi. Kijiji kilipoandikishwa, mtu mmoja alipendekeza jina lake kwenye kamati ya afya. Akasema, "Mtaweza? Mimi nina omukago." Watu wakacheka kwa shida, na jina likapita.

Mwaka jana mwezi wa Novemba alianza kuumwa. Hakula vizuri, akakonda, kisha tumbo likaanza kuvimba. Alipelekwa hospitali mara tatu, mara ya kwanza kwa gari la kanisa. Madaktari walisema ni ini, limeharibika, hakuna dawa ya kulirudisha. Walimtoa maji tumboni, yakajaa tena. Hapo ndipo manong'ono yaliporudi. Tumbo linavimba! Omukago umemkamata. Aliyasikia, alikuwa na masikio mazuri mpaka mwisho. Mwezi wa Julai mumewe alimwambia, "Nitakwenda niwaambie." Akasema, "Ukienda sasa, watasema mzee anamtetea mgonjwa wake. Ngoja nisiwepo, ndipo wewe hutakuwa na wa kumfaidisha." Alifariki Alhamisi tarehe 12 Agosti 1976, saa tatu asubuhi, hapa nyumbani, mumewe akiwa amemshika mguu kwa sababu ulikuwa baridi.

Basi sikilizeni. Kama omukago unaua kwa kuvimbisha tumbo, ungemuua aliyeumeza. Aliyeumeza yuko hapa. Ana miaka sabini na mbili, na tumbo lake ni bapa. Chale iko karibu na kitovu, na anayetaka kuiona aje, hatafungiwa shati. Theopista hakumeza kitu. Alipoapa kwa jina la Celina aliapa kweli, kwa kile alichokijua. Hakupewa kitambaa. Hakupewa punje. Mumewe alimwacha apite njia ya Kagoma miaka kumi na mitatu akiangaliwa vibaya, na yeye akaendelea kupokea komunyo. Padre, hili linangoja kitubio, nalo litaletwa. Kadi ya TANU iko juu ya meza, anayeitaka achukue.

Watu wengi walisema kosa la Umoja lilikuwa kutaja majina, mmoja wa chama hiki na mwingine wa nje. Mumewe naye alisema hivyo sana, kwa sababu lilimfaa. Sasa anasema sivyo. Akina mama waliuliza vizuri, wakasikia vizuri, wakataja vizuri. Waliziba kila mlango ambao mgombea angeingilia. Hawakuuziba mlango wa mume, maana nani angedhani.

Marehemu ameacha mume, Apolinary Kagaruki. Ameacha watoto wanne: Jovitha, aliyesimama mbele yenu, Datius, aliyeko Mwanza, Kokwijuka, aliyeolewa Kagondo, na Rugemalira, wa hapa nyumbani. Ameacha wajukuu kumi na tisa na vitukuu wawili, dada mmoja Ijuganyondo, na Mwamvita, ambaye hakuacha kuja hapa hata mwaka mmoja. Ameacha pia Klaudia, aliyekuja leo akakaa mbali, karibu na barabara. Ma Klaudia, familia inakuomba usogee. Rafiki yako hakukudanganya. Jembe la kwanza la udongo limewekwa, linakusubiri wewe na akina mama wa Umoja, kabla ya watoto, kabla ya mume.

Apumzike kwa amani Theopista Kokushubila, na asiulizwe tena.